Mtu wa Kipimo

Jumapili saa tisa alasiri Chokaa alikwenda kwa mama mmoja kuomba amwoe binti yake, na jana yake, kabla ya chakula cha mchana, alikuwa amemfunika kwa chokaa mtoto wa kiume wa mama huyo huyo. Hakujua. Angejua asingenunua viatu.

Viatu vilikuwa vyeusi, vya kamba, na vilimbana tangu kituo cha basi. Alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba, mtu wa miaka arobaini na sita, mjane kwa miaka tisa, na jina la Chokaa alipewa na wenzake wa kazi kwa sababu hata akioga vipi, kucha zake zilibaki nyeupe. Siku hiyo alizisugua kwa limau. Zilibaki nyeupe.

Mlango ulifunguliwa na Mchoraji mwenyewe. Alimtazama usoni, akashuka hadi kwenye viatu, akapanda tena.

"Umependeza," alisema kwa sauti ya chini. "Vinakubana?"

"Havibani."

"Unatembea kama bata."

Akacheka kwa pua, kama kawaida yake, na Chokaa akasahau vidole vyake. Miezi saba alikuwa akiisikia pumzi ile ya kicheko kutoka juu ya ngazi, na bado kila ilipomfikia ilimkuta hajajiandaa.

Miezi hiyo saba ilipita ndani ya kanisa moja la zamani. Ndani lilikuwa limechorwa lote, kuanzia magotini mwa mtu hadi darini: majani ya mzabibu, nyota, mashada ya zabibu, riboni zenye maandishi ya dhahabu. Paa lilivuja, unyevu ukapanda, plasta ikaanza kuachia ukuta. Kamati ya kanisa ilikaa mara tatu, ikaona kutengeneza haiwezi, kupaka chokaa inaweza. Ofisi inayotunza kumbukumbu za majengo iliomba jambo moja tu. Kabla ya chokaa, kuta zote zichorwe kwenye karatasi kwa rangi za maji, na katika kila mchoro awekwe mtu mmoja amesimama, ili atakayeangalia baadaye ajue ukuta ulikuwa na urefu gani. Ofisi ilimwita mtu huyo mtu wa kipimo.

Kazi ya kuchora alipewa Mchoraji, kwa sababu marehemu baba yake ndiye aliyezipamba kuta hizo, miaka sita juu ya jukwaa. Kazi ya kuzifuta alipewa Chokaa. Mkataba wake ulisema pia amjengee mwenzake jukwaa na kumshikia ngazi. Akashika. Wiki ya kwanza hawakusemezana zaidi ya "sogeza" na "hapo hapo". Wiki ya pili Mchoraji alichovya brashi ndani ya chai yake, kisha akanywa maji ya brashi, akabaki na midomo ya bluu, na Chokaa akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Kesho yake alimletea kikombe chenye mkono, cha chai, na kopo lisilo na mkono, la brashi. Mambo yalianzia hapo.

Sebuleni mama alikuwa kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini. Miguu ilikuwa imemkatalia miaka miwili sasa. Pembeni yake alikaa mjomba, mdogo wake, fundi cherehani mstaafu, na sahani ya biskuti kwenye paja.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba," alisema mama. "Keti."

"Kiuno thelathini na nne," alisema mjomba, akimkazia jicho. "Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Nimekosea?"

"Hujakosea, mjomba. Ni ndoo. Naibeba upande huo."

"Unaona, dada? Macho yangu bado."

"Macho yako yapo, biskuti zangu hazipo," alisema mama. Kisha akamgeukia mgeni. "Binti yangu ana miaka thelathini na nane. Wewe una arobaini na sita. Nyie mlikuwa mnasubiri nini, bei ishuke?"

"Tulikuwa hatujaonana, mama."

Jibu hilo mama alilipima. Hakuonekana kulichukia.

"Najua kazi yako," alisema. "Wewe ndiye unayemfuta mume wangu."

"Nisipofuta mimi atafuta mwingine. Tena kwa brashi chafu."

"Hilo nimelisikia, na nimelimeza. Mume wangu mwenyewe alisema ukuta ule utamwacha njiani, hautadumu. Mimi nina jambo moja tu, na nilimwambia binti yangu tangu mwanzo. Michoro iwe kamili. Nikiwaona wote watatu humo, nitakubali, na mjomba wenu ni shahidi."

"Watatu akina nani, mama?"

Mama alimtazama binti yake. "Hukumwambia?"

"Ulisema ni siri ya nyumba," alijibu Mchoraji.

"Basi leo anaingia nyumbani, asikie." Mama aliweka sawa blanketi. "Padri wa wakati ule alitaka majani tu. Ndege, hapana. Alisema watu watahesabu ndege badala ya kusali. Lakini mume wangu kila alipopata mtoto alichora ndege, akamficha. Dada mkubwa wa huyu yuko juu ya mlango wa sakristia, pale anapovalia padri. Huyu yuko chini ya dirisha la kushoto, kwenye majani. Wa katikati alikuwa mvulana. Alikufa na miaka minane. Picha zake zilikuwa sandukuni, tukahama wakati wa mvua, sanduku likaloa, zikawa uji. Amebaki yule wa ukutani. Yuko nyuma ya nguzo ya tatu, kwenye kivuli. Wapiga picha wote waliopita walitoa giza tupu hapo."

Chokaa aliikunja mikono juu ya magoti, kucha zikatazama chini.

Nyuma ya nguzo ya tatu. Alikuwapo pale jana asubuhi, na ndoo mbili.

"Lete," alisema mama.

Mchoraji alifungua jalada kubwa juu ya meza na kuusogeza mchoro wa kwanza karibu na kiti. Karatasi ilikuwa pana kama mlango wa kabati. Mama alishika kioo chake cha kukuzia na kuinama mpaka pua ikakaribia majani. Alifuata riboni moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, "Ile zambarau aliipata kwa shida," na akageuza shingo ili wasimwone.

Mchoro wa tatu ulikuwa na ndege wa kwanza. Mama alimgonga kwa ukucha. "Huyu hapa. Mnene vilevile."

"Nitampigia simu dada nimwambie," alisema Mchoraji.

"Mwambie. Tena mwambie ndege wake bado anakula."

Mchoro wa sita ukamtoa ndege wa mtoto wa mwisho, shingo ndefu, mdomo wazi. "Ulizaliwa unapiga kelele," alisema mama. "Baba yako alichora alichokisikia." Mjomba alicheka, makombo yakamwagika. Kwa dakika mbili tatu chumba kile kilikuwa na furaha, na ndani ya furaha ile Chokaa peke yake aliketi kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

Mjomba ndiye aliyeanza, bila nia mbaya. Alikuwa akiangalia mtu wa kipimo.

"Dada, hebu ona. Huyu anayesimama kwenye kila mchoro. Bega la kushoto." Akamgeukia Chokaa. "Huyu nimeshampima leo akiingia mlangoni!"

Mchoraji aliinamisha uso. Ofisi ilitaka mtu, haikusema nani. Angeweza kumweka mwanamke na kapu, au mlinzi, au mtu wa kubuni tu. Alimweka Chokaa mara kumi na moja, mrefu kama kidole cha kati, ndani ya ovaroli yake. Katika rangi za maji hakuna nyeupe. Ukitaka nyeupe, unaacha karatasi bila kuigusa na kuchora kinachoizunguka. Kwa hiyo Chokaa hakuwa amechorwa. Alikuwa ameachwa, karatasi safi yenye umbo lake, na ukuta wote umepakwa kumzunguka.

"Yumo kwenye yote," alisema mama. "Na mimi nilidhani binti yangu anafanya kazi." Lakini mdomo wake ulikuwa na tabasamu. "Haya. Nipe nguzo ya tatu."

Ulikuwa mchoro wa tisa. Mama alianza juu, akashuka taratibu, jani kwa jani. Kioo kilifika katikati, kikasimama, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Yuko wapi?"

Mjomba naye alinyoosha shingo kutafuta.

"Nauliza, yuko wapi mwanangu?"

Mchoraji alisogea akaangalia. Mtu wa kipimo alikuwa amesimama pale pale, nyuma ya nguzo ya tatu, mkono mmoja ukutani, mwanga wa dirisha begani. Alimfunika ndege kuanzia kishungi hadi kucha.

"Yuko nyuma yake," alisema Mchoraji.

"Nyuma ya nani?"

"Ya mtu."

"Inawezekanaje? Ukuta ule unaujua kuliko uso wako."

Mchoraji alibana midomo. Alipojibu alikuwa akiitazama karatasi, si mama yake. "Siku ile sikuwa naangalia ukuta, mama."

Chokaa aliikumbuka siku ile. Jua la saa nne lilipenya kwa dakika chache, likampiga begani, na Mchoraji akasema, "Usisogee." Alisimama saa mbili, mkono umekufa ganzi, na alikuwa hajawahi kuangaliwa vile na mtu yeyote, hata na marehemu mke wake, Mungu amsamehe kwa kusema hivyo. Wakati wote huo mgongo wake ulikuwa umemfunika mtoto wa watu.

"Haya, si msiba," alisema mjomba. "Kesho anarudi kanisani anamchora. Hapo pana nafasi tele."

"Ukuta huo haupo," alisema Chokaa. "Nimeupaka, mjomba. Jana asubuhi."

Mchoraji aligeuka. "Jana? Si tulisema Jumatatu?"

"Kamati ilirudisha siku nyuma. Wana wageni. Walisema nianze na upande wa nguzo."

"Bila kuniambia?"

"Nikuambie nini? Uliniambia mwenyewe, ukuta wa nguzo ya tatu tayari, nimemaliza. Ijumaa. Ulikuwa unaosha brashi."

"Nilimaliza kuchora!"

"Basi!"

"Basi nini? Ulimwona ndege pale, hukushtuka? Kanisa zima halina ndege!"

"Lina watatu. Niliwaona wote. Nilidhani ni mapambo. Miezi saba tumekaa jukwaa moja, umeniambia mpaka jina la mbwa wako wa utotoni. Hili hukuniambia."

"Ilikuwa siri ya nyumba."

"Na mimi nilikuwa nakuja kuwa nani?"

Mama aliinua kioo kumkatiza yeyote aliyetaka kuendelea.

"Chokaa inabanduka?" aliuliza.

"Inabanduka, mama. Lakini rangi ya mzee ilikuwa ya gundi. Itatoka nayo."

"Yote?"

"Yote."

Mama aliegemea nyuma. Ghafla alikuwa mzee kuliko alivyokuwa dakika tano nyuma. "Mchore hapo," alimwambia binti yake. "Juu ya huyo mtu. Karatasi si bado ni nyeupe?"

Ilikuwa nyeupe. Mchoraji alileta sanduku la rangi na kopo la maji. Chokaa alilitambua kopo. Lilikuwa lile alilomletea yeye.

"Mkia ulikuwa bluu," alisema mama.

"Kijani, mama. Nakumbuka kijani."

"Bluu. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Nina miaka mingi sijamwangalia vizuri," alisema Mchoraji, brashi ikiwa bado juu ya karatasi. "Nilikuwa napita tu. Nilijua yupo."

Chokaa alisogeza kiti chake karibu na meza. Alijua anachotaka kufanya na alijua kitakachomkuta, au alidhani anajua.

"Mkia ulikuwa wa kahawia," alisema. "Mzee aliupiga kwa brashi moja bila kurudia, ukaisha na nywele mbili zimejitenga. Bluu ilikuwa kifuani tu. Ndogo, kama kitambaa cha shule mfukoni."

Mama alifumba macho.

"Endelea."

"Kichwa kimegeuka nyuma, kama ameitwa. Mdomoni ana tunda jekundu, halijang'atwa. Jicho ni tone tu, lakini aliacha alama ya mwanga upande wa kulia. Ukubwa wake, kama kuku mzima."

"Na miguu?" aliuliza mama. Macho bado yamefumbwa.

"Wa kulia umekunjwa, hauonekani. Wa kushoto umeshika tawi. Hapo mzee alikosea, aliweka kidole kimoja zaidi."

"Hakukosea," alisema mama. "Mwanangu alizaliwa nacho. Mguu wa kushoto. Tulikuwa tunamtania kwamba atakuwa mwanariadha."

Brashi ikashuka. Chokaa aliendelea kusema, na Mchoraji aliendelea kuchora. Alisema kahawia, na kahawia ikaingia kifuani mwa yule mtu wa karatasi. Alisema bluu, tone likamkaa mbavuni. Ndege alipotimia bado palibaki kichwa cha mtu juu na miguu chini, na Mchoraji aliyafuata majani ya pembeni, akamfunika kichwa kwa jani moja, miguu kwa mawili. Bega la kushoto lilikuwa la mwisho. Mchoraji alilizunguka kwa brashi kavu mara mbili kabla ya kulijaza. Kisha hakukuwa na mtu pale.

Mama alichukua kioo akaangalia. Aliangalia mpaka mjomba akaweka sahani chini.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyu."

"Mungu mkubwa," alisema mjomba. "Dada, sharti lako limetimia. Wote watatu. Fundi amemrudisha."

Mama hakumtazama ndugu yake. Alimtazama Chokaa, na hakukuwa na hasira machoni mwake. Hilo ndilo lililomtisha.

"Ulimwona vizuri hivi," alisema.

"Ndiyo, mama. Nilisimama namwangalia. Dakika kumi hivi. Nilimpenda."

"Na bado ukampaka."

"Sikujua ni mtoto, mama."

"Ulijua ni ndege."

Chokaa alikuwa na majibu, yote ya kweli. Kamati, mkataba, wageni, plasta iliyokuwa ikilia tupu ukiigonga. Lakini alikuwa amesimama pale dakika kumi, akampenda, akachovya brashi.

"Nilisema nitakubali, nimekubali," alisema mama. "Sili maneno yangu. Binti akitaka, mchukue. Ila usije ukaninywesha maji kwa mikono hiyo. Mjomba, nisogeze dirishani, mwanga unakwisha."

Mchoraji alimsindikiza hadi getini. Walisimama kila mmoja upande wake, geti katikati, kama watu wanaonunua na kuuza.

"Mama amekubali," alisema Chokaa.

"Nimesikia."

"Basi tatizo ni nini? Atapoa. Nitakuja kila Jumapili, nitamsomea gazeti, nitakaa mbali na maji."

"Mama nitamweza. Sijiwezi mimi." Alikuwa na kahawia kwenye kidole gumba, akawa anaisugua na haitoki. "Nilikuweka wewe mbele ya kaka yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuangalia wewe nikamsahau yeye. Nawe ukamfunika kwa sababu nilikuambia nimemaliza. Tukioana tutapendana mwaka mmoja, miwili. Siku tutakayogombana, mmoja wetu atalisema hili. Nakujua, huwezi kukaa na neno. Nami ni hivyo hivyo."

"Sitalisema."

"Ndani ya dakika tano tu ulikuwa umeshalisema. Na mimi nimeshakujibu."

Chokaa alimtazama ili abaki naye machoni: midomo ile iliyowahi kuwa ya bluu, kitambaa cha kichwa chenye madoa, shingo. Aliangalia taratibu, kama alivyomwangalia ndege.

"Usiniangalie hivyo," alisema Mchoraji.

"Hivyo vipi?"

"Kama unataka kupaka."

Alitaka iwe mzaha, akajaribu kucheka, na pumzi ya puani haikuja. Aligeuka akaingia ndani. Chokaa alikaa ukingoni mwa barabara akavua viatu, akaenda kituoni na soksi.

Jumatatu alirudi kazini, akaendelea hadi akamaliza kanisa, kisha akapiga hesabu. Ukuta wa nguzo ya tatu ulikula ndoo mbili, mipako miwili ya chokaa na saa tatu za Jumamosi. Ndege wa karatasi alichukua dakika arobaini. Viatu vilivaliwa mara moja. Michoro kumi na moja ilipelekwa ofisini ikafungiwa kwenye droo. Katika kumi Chokaa bado yuko, bega limeshuka, na katika mmoja hayupo. Miezi saba ya kushika ngazi. Kopo moja lisilo na mkono, ambalo hakulidai. Mwanamke mmoja.